Jeni wa Baba Cynthia

Nyumba ya Kavinya ilinuka samaki, na ndani yake hakuna mtu aliyewahi kula samaki. Ungekuwa wewe, ungefikiria nini?

Kavinya ni Mkamba mzaliwa wa Miasenyi, kwa watu wanaoamini kwamba samaki ni nyoka aliyeshindwa na maisha ya nchi kavu akahamia majini. Mumewe Josephat ni Mtaita wa Kasigau, na huko samaki huonekana kwenye picha ya kopo dukani, basi. Wawili hawa walikuwa wamepanga nyumba Voi, mtaa wa Sofia, na nyuma ya nyumba Kavinya alikuwa na banda la kuku. Kuku hao walitaga kama wanaoshindania kombe, na mayai yao ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha binti yao Cynthia huko bweni. Harufu nayo ilianza mwaka uleule kuku walipoanza kutaga. Lakini hilo Kavinya hakuliunganisha, na wewe pia usiharakishe.

Alianza kwa kumshuku paka. Paka akafukuzwa, harufu ikabaki. Akaushuku mtaro wa jirani, akaumwagia majivu na matusi, harufu ikabaki. Kisha asubuhi moja aliokota shati la mumewe alifue, akalipitisha puani kama wafanyavyo wanawake wote ingawa wote hukana, akasimama palepale na beseni mkononi. Harufu ilikuwa imevaa shati.

"Baba Cynthia," akaita. "Jana ulikula wapi?"

"Hapa. Si wewe uliyenipakulia?"

"Na kabla ya hapa?"

"Kabla ya hapa nilikuwa na njaa."

Hesabu ilikuwa imeshakaa sawa kichwani mwa Kavinya. Mwanaume asiyekula samaki kwake, na ananuka samaki, analishwa mahali. Na huyo anayemlisha ni mchafu kiasi kwamba hanawi mikono kabla ya kumkumbatia.

Josephat alikuwa kinyozi, kibanda chake kiko karibu na soko, na kazi ya kinyozi ni ya kukaribiana. Huwezi kumnyoa mtu ukiwa ng'ambo ya barabara. Siku hizi mteja alikuwa akiketi kwenye kiti cha Josephat, anakunja pua, halafu ghafla anakumbuka ameacha sufuria kwenye moto. Geuka kidogo tu, utamwona ameketi kiti cha pili kwa Morris, kinyozi mwenzake, ananyolewa ndevu na habari za sufuria zimekwisha. Kanisani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Josephat aliimba besi, na mabesi wenzake walikuwa wamejisogeza Jumapili baada ya Jumapili hadi wakaishia kwa wanawake, kwaya ikawa inasikika kama meza iliyokatwa miguu. Siku mhubiri alipofungua kisa cha Yona tumboni mwa samaki, waumini waligeuka wakamtazama Josephat kana kwamba wanatarajia Yona atoke.

Kavinya alimpigia mamake simu.

"Mwaitu, mwanamume wangu ana mtu."

Mamake aliitwa Syokau, mwuza machungwa kando ya barabara kuu pale Miasenyi, mwanamke aliyewahi kumrudisha dereva wa lori kwa sababu ya chungwa moja ambalo hakulilipia. Hakuuliza ushahidi.

"Usilie, usipige mtu. Mwanaume ni tumbo lenye miguu. Mpe mayai asubuhi. Mpe maini. Mpe maharagwe yenye karanga. Mjaze! Akitoka hapo hataweza kumeza hata mate ya mwanamke mwingine."

Basi vita vikaanza, na vilipiganwa kwa mwiko. Josephat alikuwa akiamka anakuta mayai yamemkodolea macho sahanini. Mchana Kavinya alimpelekea maharagwe kazini, jioni maini. Alikula yote, kwa upole, huku anamtazama mkewe kama mbuzi anayetazama mvua. Na kadiri alivyoshiba ndivyo alivyonuka. Ilifika mahali nzi wa sokoni walimsindikiza nyumbani.

"Huyo mwanamke," Kavinya akajisemea, "ana nguvu."

*

Jina alilipata Jumamosi asubuhi, akiwa ameinama bandani anaokota mayai.

Josephat alikuwa nyuma ya ukuta, anaongea kwa simu na kakake Nicholas wa Kasigau. Sasa, mtandao wa Kasigau hushika kwa kupenda wenyewe, kwa hiyo anayepiga simu kule hapigi simu tu, anapiga na kelele.

"Nicholas! Nimesema ni jeni! … Jeni! J ya Josephat! … Ndiyo, daktari wa Mombasa amehakikisha!"

Kavinya akaganda. Daktari? Kwa hivyo Jeni ana mimba.

"Hakuna dawa! Amesema jeni haiachani na mtu, niko nayo mpaka kaburini!"

Hapa mwalimu wa Kiswahili angeinua mkono. Angesema, huyo amesema "nayo," hakusema "naye," basi si mtu. Lakini mwalimu huyo hajamjua Josephat. Josephat na ngeli walikuwa hawaamkiani. Kwake mbuzi "imepotea," mwanawe "inasoma bweni," na hata siku ya kumposa Kavinya alisimama mbele ya wazee akasema, "Nimeona msichana hapa na nimeipenda." Kavinya alikuwa amemtafsiria maisha yote ya ndoa. Alipoambiwa "nayo," yeye alisikia "naye," kwa mazoea.

"Eee, nilizaliwa nayo!" Josephat aliendelea kupayuka. "Mzee alikuwa nayo! Mama pia! Na wewe jiangalie, lazima uko nayo! … Nani, Kavinya? Hajui! Nitaanzia wapi? Akijua, anarudi kwao!"

Yai lilimponyoka Kavinya likapasukia kwenye mguu wake. Mzee pia! Marehemu baba mkwe, mzee wa kanisa, aliyekuwa akilala na Biblia kifuani! Na Nicholas, mwenye mke mzuri hivyo! Kuhusu mama mkwe kuwa na Jeni, hapo hata wivu wake ulikosa pa kukanyaga. Jeni huyo ni wa umri gani? Anatumia mafuta gani?

Alifuta mguu, akaingia ndani, akalitoa shati la jana la mumewe kwenye beseni la kufulia, akalitia kwenye mfuko. Ushahidi haufuliwi.

*

Sokoni Voi aliyekuwa akikaanga samaki wengi kuliko wote ni Jedidah, mwanamke mpana mwenye aproni ya manjano na sauti ya kuuzia. Kavinya alimwendea moja kwa moja, akapita foleni.

"Wewe ni Jeni?"

"Mimi ni Jedidah. Foleni inaanzia kule."

"Jeni si ndiyo kifupi cha Jedidah?"

"Kifupi cha Jedidah ni 'Mama, nipe wa mia.' Unataka kichwa ama mkia?"

"Nataka mume wangu!"

Foleni ikasogea karibu. Mafuta yakachemka yenyewe. Kavinya akalitoa shati mfukoni, akalirusha juu ya meza katikati ya samaki.

"Hili ni la Josephat kinyozi. Kataa sasa, kwamba hajakumbatiwa na wewe!"

Jedidah alimtazama, akalitazama shati. Akaliinua kwa ncha za vidole, akalinusa kwa makini kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, akalitupa kana kwamba limemng'ata.

"Dada, nitukane mimi, lakini usitukane biashara yangu! Samaki wangu ni ngege wa Ziwa Jipe, wamefika asubuhi hii. Huyu," akalisonta shati, "huyu ni wa bahari. Tena amelala, akaamka, akalala tena. Nimnukishe mume wa mtu hivyo, nitamuuzia nani? Na huyo kinyozi wako, akipita hapa hushika pua!"

Watu walicheka mpaka mmoja akasahau chenji yake. Kavinya aliondoka na shati lake, uso unawaka, lakini hakuondoka mikono mitupu. Wa bahari! Si Josephat alipanda treni mwezi uliopita akaenda Mombasa, eti kununua mashine ya kunyolea? Na si alirudi bila mashine, amenyong'onyea, macho mekundu?

Jeni yuko Mombasa. Kavinya akampigia mamake: aje Jumamosi ijayo, na aje na gunia la kubebea vyombo. Kisha akampigia Nicholas, akapiga kelele ipasavyo: "Shemeji! Kuna kikao!"

*

Kikao kilikaa saa ya chakula cha mchana. Nicholas alifika amejaa vumbi la Kasigau hadi kwenye kope. Syokau alifika na gunia lake, lakini hakuingia sebuleni. Aliketi chumbani, nyuma ya pazia. Kwa Wakamba, mama mkwe na mwanaume aliyemwoa bintiye hawakai uso kwa uso wakazungumza mambo ya mwili. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya ukwe, na Syokau angeweza kusamehe wizi kabla ya kusamehe kukosa nthoni. Kwa hiyo siku hiyo pazia ndilo lililokuwa mzazi.

Kavinya alikuwa ameandaa meza. Mayai ya kuchemsha, mayai ya kukaanga, maini, maharagwe yenye karanga. Alitaka mwanaume huyo aone vizuri anachokipoteza.

Nicholas aliomba dua ndefu, akawaombea hata ndovu wa Kasigau wapate roho ya kushibia huko huko porini kwao, waache mashamba ya watu. Kisha akasema, "Haya, shemeji. Tunakusikia."

"Sina mengi," Kavinya akasema. "Jeni aitwe. Aketi hapa, kwenye kiti hiki, nimwone. Halafu nitachukua vyombo vyangu na kuku wangu, nimwachie huyu mtu wake."

Josephat na Nicholas walitazamana.

"Nani… nani amekuambia?" Josephat akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa hivyo ni kweli!"

"Ni kweli, Mama Cynthia. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Hilo lina siku nzuri?"

"Lakini mimi sikuitaka! Niliirithi."

"Kurithi!" pazia likaruka. "Wataita bado wanarithi wanawake?"

Nicholas akaona ni wakati wa mtu mzima kutuliza mambo. "Msimlaumu peke yake. Hata mimi niko nayo. Tofauti ni kwamba mimi niko na moja tu. Josephat ndiye ako na mbili."

"Wawili!" Kavinya akashika kichwa.

"Lete gunia lingine!" pazia likasema.

"Haiwezi kuitwa, Mama Cynthia," Josephat akajaribu, jasho likimtiririka, na jasho likitiririka wote walirudi nyuma kidogo. "Iko ndani yangu."

"Najua yuko ndani yako! Moyoni!"

"Si moyoni. Kwa maini."

"Mwaitu, unamsikia anavyonikata maini? Mimi aliniweka moyoni tu, huyo amemfikisha mpaka kwenye maini!"

"Mama Cynthia! Jeni si mtu!"

Kuku mmoja huko nje akatangaza yai.

"Si mtu ni nini?" Kavinya akauliza. "Ni jini?"

Josephat akafungua mdomo, akalitazama pazia, akaufunga. Maneno ya daktari alikuwa nayo yote, lakini maneno hayo yalikuwa ya jasho, ya pumzi na ya mkojo, na nyuma ya pazia ameketi mama mkwe. Kama kuna mwanaume aliyewahi kutaja mkojo mbele ya Syokau, hajulikani alikozikwa. Josephat akafanya alichokijua.

"Sikiliza. Ini ya mtu ni kibanda ya kinyozi. Chakula ikiingia, inaingia na nywele. Nywele ndiyo harufu. Sasa mle ndani kuna kinyozi, daktari anamwita kimeng'enya. Kazi yake ni kunyoa ile harufu yote, chakula ikitoka, itoke kipara. Wewe kinyozi wako yuko kazini, mashine inalia vizuri. Mimi kinyozi wangu mashine yake ilikufa kabla sijazaliwa. Chakula inaingia na nywele, inatoka na nywele."

"Inatokea wapi?" pazia likauliza.

Josephat akatazama dari. Akatazama sakafu.

"Kwa… mlango."

"Kwa jasho," Nicholas akamwokoa. "Na kwingineko."

"Basi!" pazia likasema haraka. "Kwingineko tumekuelewa."

Kavinya alikuwa ameketi sasa. "Na Jeni?"

"Jeni ndiyo mwalimu aliyemfundisha huyo kinyozi. Kila mtu huzaliwa na mbili, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiwa nzima, kinyozi anajua kazi. Mzee alikuwa na moja mbovu, mama alikuwa na moja mbovu, na hakuna aliyenuka. Mimi wakanipa zile mbovu zote mbili. Nilienda Mombasa, daktari akasema anashuku ni hiyo, akachukua… akachukua kitu kwa kichupa, ikapelekwa ng'ambo, juzi majibu ikarudi hivyo."

"Kitu gani kwa kichupa?" pazia likauliza.

"Mwaitu, tafadhali," Kavinya akasema. Alikuwa anamtazama mumewe. "Ulipanda treni peke yako, ukapewa habari kama hiyo, ukarudi ukaniambia umekosa mashine. Kwa nini, Baba Cynthia?"

"Kwa sababu ya vitu daktari alinikataza."

"Alikukataza nini?"

Josephat akainua kidole polepole, kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu, akaonyesha mezani. "Hayo mayai." Kidole kikasogea. "Hayo maini." Kikasogea tena. "Maharagwe. Na karanga yake." Kilizunguka meza nzima kikitafuta mahali pa kutua, mwishowe kikatua kwenye kikopo cha chumvi. "Hiyo nimeruhusiwa."

Kavinya aliitazama meza yake, sahani moja baada ya nyingine, akaziona siku zote zile, kila yai, kila kipande cha ini alichokichagua kwa mchinjaji akigombana na watu.

"Na ulikula yote!"

"Ningekataa, ungesema nimekula kwingine."

Kavinya akafikiri. "Ningesema," akakiri.

"Halafu kuku ni zako. Cynthia inasoma kwa hayo mayai. Unaamka alfajiri kwa ajili yake, unaziita kwa majina. Sasa mimi nisimame niseme mayai yako yananifanya ninuke? Nikaona heri Morris achukue wateja."

Macho ya Kavinya yalilowa, na hakuyafuta. Ameshapigwa na maisha huyu mama, ameshadanganywa na wengi, lakini hakuwahi kukutana na mwanaume aliyekubali kunuka ili asimvunje moyo.

"Kumbe siku zote hizi," akasema taratibu, "nilikuwa namlisha Jeni."

Kwanza lilicheka pazia. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikawa mlio, hadi fimbo ya pazia ikang'oka ukutani, na Syokau akaonekana wazi kwenye kitanda, kanga mdomoni, machozi yanamtoka. "Na mimi ndiye niliyeagiza maini!" Josephat aliruka akaugeukia ukuta kwa heshima, na alicheka huko huko ukutani, mabega yakimtikisika. Nicholas, ambaye jeni yake moja nzima ilikuwa inatosha, alivuta sahani ya mayai. "Basi kisiharibike chakula," akasema.

"Sasa huyu anaruhusiwa kula nini?" Syokau akauliza, akiwa amejifunika kanga kichwani kuwa pazia la dharura.

"Ugali," Josephat akauambia ukuta. "Kuku kidogo, sukuma, matunda. Na sabuni chachu kidogo ya kuogea. Na…"

"Na nini?"

"Wa bahari hapana. Lakini wa ziwa, kiasi, daktari amesema hana neno."

"Nani wa ziwa?"

Josephat alivuta pumzi.

"Samaki."

*

Foleni ya Jedidah ilimwona Kavinya akija, ikafunguka yenyewe.

"Leo umekuja na suruali?" Jedidah akauliza.

"Nimekuja na sufuria. Nisamehe, dada. Nilikukosea mbele ya watu, nimekuja mbele ya watu. Nipe ngege wa Jipe, na unionyeshe anavyopikwa. Sijui hata anashikwa upande gani."

Jedidah alimtazama, kisha akatabasamu akachagua mnono. Lakini soko ni soko. "Na yule Jeni? Ulimpata?"

Mafuta yenyewe yakanyamaza. Kavinya angeweza kueleza. Angeweza kuanza na ini, aende kwa kinyozi, amalizie na mwalimu. Aliitazama foleni, masikio yote yale yamesimama, na ule uchokozi aliozaliwa nao ukamwasha ulimi.

"Nilimpata."

"Ukamfanya nini?"

"Tunakaa naye."

"Nyumba moja?"

"Sasa atakwenda wapi, na ni wa kurithi? Kwa kweli hana shida," Kavinya akasema, akipokea sufuria yake. "Ila mayai hali."

Habari ilifika kibandani kabla ya Kavinya kufika nyumbani. Juma lililofuata, kiti cha Josephat hakikupoa. Wanaume walitoka mbali, hata Marungu, kuja kunyolewa na mtu anayeweza kuweka wawili chini ya paa moja na bado anapiga mluzi kazini. Waliketi, wakanusa kwa hofu, wakakuta ni sabuni tu. Morris alibaki anajinyoa mwenyewe.

"Kinyozi, tuambie ukweli," mmoja alimwuliza, shingo chini ya mashine. "Huyo Jeni na mama watoto, hawagombani?"

Josephat alisimamisha mashine, akafikiri kwa uaminifu wote.

"Hapana," akasema. "Tangu mama aache kuipikia mayai, iko salama."